Tekila Nisiyoionja

Mjukuu wangu Salma,

Kabla ya salamu, nakuomba barua hii usimsomee mtu, hata mamako. Sisi hatujambo. Nyanyako goti limepoa, amerudi kunikaripia.

Umeniuliza utawachanganyiaje wageni wa hoteli vinywaji nawe hunywi. Mimi nilikuwa karani wa majaribio huko Kilindini, mwoga wa kila kitu, bosi aliponiamuru niandae tekila ya ndimu, ile pombe kali ya kigeni, kwa karamu ya wateja bustanini. Niliogopa kwamba nikikataa nitafukuzwa. Nikakamua ndimu na machungwa, nikatia sukari na barafu, nikaonja mpaka ladha ikakaa sawa. Nusu nikaitia tekila kwa kipimo cha bosi, nusu nikaiacha jagini vivyo hivyo. Midomo ya glasi nikaipaka chumvi na pilipili, kama wanavyouza embe bichi Makadara.

Mteja mmoja akainusa glasi yake. "Karani, umeionja hii?"

"La, bwana. Nimeonja ile isiyo na tekila. Mimi sinywi."

Bosi akanikodolea macho.

"Basi nipe hiyo," mteja akasema. "Tangu nifike nashika maji tu, naona haya kuuliza."

Jagi hilo ndilo lililokwisha kwanza, nami nikathibitishwa kazini. Hadi leo najiuliza ni wangapi pale waliokuwa wakingoja mmoja aseme.

Mwambie meneja wako kwamba huonji pombe. Kisha nipigie baada ya alasiri, kwa simu ya kinyozi wangu. Ya nyumbani hupokea nyanyako, naye hajui kwamba niliwahi kushika tekila.

Babu yako