Gari la Tata Lilitaka Mlima

Buganguzi, Muleba

Mpendwa Tata, baba yangu,

Shikamoo. Natumaini jicho lililopasuliwa limetulia, na kwamba daktari wa huko Mwanza unamsikiliza kuliko unavyonisikiliza mimi. Huku tu wazima, kahawa imeanza kuiva. Kaka Gozbert, msomee yote, usiruke mstari. Nimeandika kwa sababu kwenye simu angenikatiza.

Ni habari za gari lako, Pijo. Uliacha neno kwamba niliharibu injini nilipoifunga upya, ndiyo maana inakula oili na kutoa moshi wa bluu, na kwamba Mutembei aje kulinunua Jumamosi. Iliniuma, Tata. Gari hilo ndilo lililotupeleka sote kubatizwa. Nikafunga gereji yangu ya Bukoba, nikaja kulipima.

Nililiwasha asubuhi likiwa baridi, halikutoa moshi wa ghafla, basi sili za valvu, zinazozuia oili isivuje kutoka juu, ni nzima. Nikafungua plagi, zote zimelowa oili sawasawa. Ringi za pistoni, zinazozuia oili isipande, hazijavunjika, ila hazijakaa vizuri kwenye silinda, na kosa, unisamehe, ni lako. Injini iliyofungwa upya inataka kazi ndipo ringi zikae. Wewe umekwenda nalo kanisani tu, mwendo wa maandamano, kisha unaliacha lingurume uani wageni walisikie. Hata mkungu mmoja wa ndizi ulikataa usipakiwe. Umelidekeza.

Basi nikalijaza mikungu mpaka likainama nyuma, likapandishwa mlima kwa gia ya pili, mafuta yamekanyagwa, likarudi chini, likapanda tena. Mwanzoni moshi ulifunika barabara. Kufika jioni niliuona kwa shida. Leo haupo, na oili haishuki.

Utauliza niliuonaje moshi wa nyuma nami ndiye dereva. Sikuwa dereva. Nilifuata kwa pikipiki. Aliyeendesha ni Mama. Ana leseni, Tata. Kila alipoaga kwamba anakwenda Bukoba kumwona shangazi, alikuwa kwangu anajifunza. Aliona macho yako yanafifia tangu ulipoanza kugonga lango kwa gari, akanyamaza kwa sababu nawe ulinyamaza. Sote tunajua si moshi uliokufanya utake kuliuza, ni macho.

Mutembei amekwisha kuambiwa asije. Mama amesema nikuandikie hivi hivi: "Nitakupokea bandarini mwenyewe. Utakaa mbele, na kwenye kona usinishike mkono."

Msalimie daktari. Mungu akurudishe salama.

Mwanao fundi,
Joyness Kaijage