Baba Alivyopanda Kericho

Changamwe,
14 Agosti, 1948

Dada yangu mpenzi Kafedha,

Salamu nyingi zikufikie huko Kaloleni, wewe, shemeji na watoto. Homa ya yule mdogo imepoa? Sisi hatujambo, mama hajambo, na mimi nina furaha hata naandika mbio mbio. Usiucheke mwandiko wangu.

Baba amerudi kutoka Kericho!

Wajua alivyomkataa Dishon, yule fundi wa uwanja wa ndege wa Port Reitz aliyekuja kuniposa. Alisema hamwozi bintiye kwa mtu wa bara, akafe kwa baridi. Dishon hakubishana naye. Alimwambia, "Baba, nenda ukapaone kwetu kwanza, kisha useme." Basi baba akaazima koti, akapanda gari la moshi, nasi tukabaki roho juu.

Dada, habari alizokuja nazo! Asema gari lilipanda milima mpaka masikio yakaziba, likateremka bonde kubwa, likapanda tena. Huko kila alasiri hunyesha mvua, mara nyingine ya mawe, na watu huota moto mchana kweupe! Chai imefunika vilima vyote, imekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Wazungu huenda huko kupumzika na kuvua samaki mitoni.

Baba alimwuliza babake Dishon, Mzee arap Lang'at, kama chai ile ni yao. Mzee akamwonyesha kilima kimoja, akasema pale ndipo ng'ombe wa babake walipolishwa, na nyumba yao ilisimama pale juu. Wazungu walipoitaka ardhi, wao wakaambiwa wahame. Leo nduguze huchuma chai kilimani hapo hapo, kwa mshahara wa bwana mwingine.

Baba alipofika hapo akamtazama mama. Kisha akatuambia jambo ambalo mama alilijua akakatazwa kulisema. Asili yetu si Mjambere kama tulivyoambiwa tangu utotoni, dada. Baba alizaliwa ng'ambo ya mto Sabaki. Wakati wa vita vya Wagiriama na Waingereza, askari waliichoma nyumba yao, wakawafukuza wavuke mto, na babu akafa njiani. Hakutaka sisi wanawe tukue na uchungu huo. Lakini alimweleza arap Lang'at, wameketi kando ya moto, na wazee wale wawili wakalia pamoja.

"Yule si mgeni kwangu tena," baba alisema. "Mwambie Dishon alete wazee wake."

Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakaja!

Baridi naiogopa, sikufichi, lakini nitakwenda. Ila kabla ya harusi baba ataka twende sote Sabaki, akatafute pale nyumba iliposimama. Hajui kama atapatambua. Wewe ndiwe kifungua mimba wake, na asema hatavuka mto ule bila wewe. Njoo, dada.

Mama akusalimu sana, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Kanze Mramba