Siku Saba za Nyumba ya Kona

Jumanne, 4 Machi
Wamekubali bei! Nimepiga kelele mpaka mafundi wenzangu wakasimamisha vyerehani. Nyumba ya kona, madirisha sita, jua la asubuhi jikoni – yetu! Karibu yetu. Dalali anasema tuna siku saba za kukagua. Hadi Jumanne ijayo saa sita mchana tunaweza kujitoa bila hasara. Baada ya hapo tumefungwa. Kujitoa? Labda niwe nimerukwa na akili.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda na futi yangu. Sebuleni, kutoka bomba la pazia hadi sakafuni, kushoto kumezidi kulia kwa sentimita nne. Wala sikushtuka! Wateja wenye bega moja chini nawashonea kila siku, na nguo inawakaa vizuri tu. Nimekata pazia kufuata mteremko. Limetoka zuri jamani!

Ijumaa, 7 Machi
Mthamini wa benki inayotukopesha kaja. Dakika ishirini, picha kadhaa, kaondoka – benki imeridhika! Nikamrukia mume wangu: tumeshakaguliwa! Kaniangalia kama nimevaa gauni ndani nje. Yule kaangalia bei tu, akasema, benki isije ikaumia. Nyumba yenyewe kaiangalia nani?
Kumbe mkaguzi ni mtu mwingine kabisa, na ilikuwa tumwite siku ileile ya Jumanne. Nimempigia mbiombio. Amejaa hadi Jumanne saa tatu asubuhi. Siku ya mwisho! Nikacheka. Mume wangu hakucheka.

Jumanne, 11 Machi
Saa tano na nusu, kibarazani pa nyumba ya kona.
Mkaguzi aliweka gololi katikati ya sebule. Ikaondoka yenyewe, taratiiibu, hadi ukuta wa kushoto. Tk!
“Sentimita nne,” nikaropoka.
“Umejuaje, mama?”
Ikabidi nieleze pazia. Loo, aibu! Alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka. Kisha akaacha kucheka. Huenda sakafu ilimwagwa vibaya tangu zamani, akasema, si neno. Au msingi unadidimia, na hapo ni balaa. Hawezi kujua bila kuchimba pembeni. Anachimba sasa.
Dalali kampigia mwenye nyumba kuomba siku mbili. Kakataa, ana mnunuzi mwingine anasubiri.
Saa sita kasoro robo. Mume wangu ameshatia sahihi fomu ya kujitoa. Kanipa na mimi kalamu. Naogopa. Naipenda nyumba hii hadi naona haya.
Saa sita kasoro dakika saba. Mkaguzi anaita kutoka shimoni, njooni muone! Mume wangu na dalali wamekimbia. Wananiita mimi sasa – fomu iko hapa magotini, na kalamu yenyewe ndiyo hii ninayoandikia. Nakuja, nimewaambia. Nakuja! Jikoni jua bado lipo, limefika mpaka kwenye –