Kufuli la Wodi ya Watoto

Saadi, wamemsimamisha kazi dada Nashilu! Kisa kufuli. Kufuli, Saadi!

Si alikwenda yale mafunzo ya kuokoa watoto mahututi? Alirudi na pampu ya mkono ya kumpa hewa mtoto asiyepumua. Matroni akaifungia kabatini, eti isichakae kabla wageni wa ukaguzi hawajaiona!

Leo kaletwa kichanga kutoka Kikwe, hapumui. Matroni yuko harusini Kikatiti, ufunguo mkobani mwake. Dada akalivunja kufuli kwa jiwe, akampa mtoto hewa mpaka akalia.

Matroni karudi amefura. “Ungenisubiri!”
“Mtoto angesubiri kwa pumzi ya nani, mama?”
“Kiburi hicho! Nenda kwenu.”

Kwa kufuli, Saadi!

Kichanga ameshaanza kunyonya. Dada kakaa hapa nyumbani Ngarenaro, hataki kuvua sare.