Mawese juu ya mashua ya muzungu

Baraka, Jumamosi

Mama Asha,

Salamu kwako na kwa batoto. Mi niko muzima, lakini hasira imenijaa mpaka kwenye koo, na ni juu ya baba yako.

Unajua nilikuja hapa kwenu kupakaa rangi mashua ndogo ya tanga ya muzungu. Haiko ya mbao, iko ya fibre, kitu kama glasi ngumu. Nilisugua sitaha yake kwa musasa mpaka ikaacha kung'aa na vidole vikachubuka, maana rangi haishiki pahali penye kuteleza. Nikaenda kusali Ijumaa. Kurudi, nakuta sitaha iko nyekundu, inateleza kama kambale! Baba yako ameipakaa mafuta ya mawese, kama banavyopakaa mitumbwi ya mbao.

"Mukwe, niliona umeiacha kavu sana," akasema. "Jua lingeipasua. Nikaihurumia."

Ningesema nini mbele ya baba mukwe? Nikasema, "Aksanti, baba," nikaanza upya na sabuni, nikisaga meno.

Jioni, ili asiipakae tena, nikaficha chupa ya mawese iliyobaki chini ya kitanda nilichopewa. Basi leo tumekula sombe ya muhogo bila mafuta, kavu kama majani ya kulisha mbuzi. Mama yako akauliza nani amemaliza mafuta. Baba yako akaniangalia mimi kwanza, halafu akamujibu, "Ni mimi."

Hata kumukasirikia vizuri ananinyima!

Mubusu Asha. Na we usicheke.

Baba Asha