Sinema Isiyotaka Mdomo Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Koo linauma. Jana nilitafsiri sinema tatu mfululizo pale banda la video la Sifuna — mbili za Kichina, moja ya Kihindi. Nimekuwa polisi, jambazi, bibi arusi, mpaka mbwa. Watu wa mtaa wa Kawangware 46 wanataka dijei wa sinema asiyenyamaza. Ukinyamaza kidogo tu wanadhani spika imekufa, wanaanza kurusha maganda ya njugu.

Leo ni siku yangu ya kupumzika. Nimepita Soko la Toi kumtafutia dada Nafuna sweta, na kwa yule jamaa anayejaza sinema kwa flashi nikamwomba aniwekee chochote kipya. Katikati ya zile za ngumi akanitupia moja bila kuniuliza. Tamasha la muziki. Tena rock! Nilitaka kuifuta. Nikasema acha niitazame kidogo kwa simu, hapa kitandani Silanga, nijue ninafuta nini.

Sijaifuta. Chai imepoa. Nimeitazama yote na sikusema neno — mimi!

Jumanne, 4 Machi

Nimeitazama tena. Niandike ilivyo, labda nitaelewa imenifanya nini.

Jukwaani wamejenga ploti. Ploti kabisa, kama hii yetu: milango saba kwa mstari, kamba ya nguo, mfereji mmoja. Anaingia mama wa makamo, koti refu limelowa, na mvua inanyesha jukwaani — mvua ya maji! Anagonga mlango wa kwanza. Unafunguka, ndani kuna jamaa ameketi kitandani na ngoma zake. Wimbo unaanza. Mlango wa pili, mwenye gitaa yuko jikoni. Kila mlango na wimbo wake. Huyo mama anatafuta mtu. Hilo unalijua hata kama Kiingereza chake cha kupiga mayowe hukishiki. Ule wa saba anaupita kila mara, anaukwepa mpaka mwisho.

Na hawafichi kitu! Unawaona wafanyakazi wa nguo nyeusi wakisukuma kuta, mmoja yuko juu ameshika mpira wa maji. Uongo wa mchana kweupe, na bado nywele zinanisimama. Halafu kamera inasogea, inasogea, mpaka unaona mkono wake tu kwenye kitasa cha mlango wa saba, na mkono unatetemeka. Wale maelfu waliojaa uwanjani siku hiyo, wa viti vya nyuma, hawakuuona huo mkono. Mimi wa Silanga nimeuona.

Nataka kuionyesha pale banda. Mara moja tu. Bila mimi kusema chochote.

Nafuna alichungulia, akasema kanisani kwao waliambiwa gitaa zinazolia hivyo ni za shetani. Nikamwambia akae. Alikaa mpaka mlango wa nne, kisha akaenda kwa sukuma wiki yake. Ya shetani hakuyarudia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Sifuna. Afadhali ningeongea na ukuta!

Swali la kwanza: stering, yule shujaa mkuu, ni nani? Nikasema ni huyo mama. Anapiga watu? Hapigi. Anakufa? Hafi. Sasa adui ni nani? Nikasema hakuna adui, kuna mlango. Alinitazama akidhani nina homa.

"Mercyline, hawa watu hawakuji kuona movie. Wanakuja kuskia wewe. Ukifunga mdomo, mimi nafunga banda."

Nikamwambia huwezi kuongea juu ya nyimbo kama hizo. Akacheka mpaka akakohoa. Kwani Wahindi hawaimbi? Si huwa naongea juu yao? Hapo akanishika. Mwezi jana nilitangaza matokeo ya mpira katikati ya wimbo wa harusi na watu wakanipigia makofi.

Nimerudi nyumbani nimefura. Nafuna ananiuliza nini, namjibu hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Amekubali! Jumapili saa tisa, kabla ya mpira. Nilimfuata siku nzima, akachoka nami.

Lakini kuna sharti. Wateja wakilalamika, nishike maiki niongee. Nikikataa, kiti si changu tena. Kuna mtu anaitwa Jeremy, ana sauti nzito, amekuwa akimpigia simu akiitaka kazi yangu. Sifuna alilisema hilo huku akifagia, bila hata kuniangalia. Miaka yote hii nimemjazia mabenchi! Nilimjibu sawa. Sasa hivi naona nilimjibu haraka.

Jumamosi, 8 Machi

Bango! Nitamnyonga huyu mzee Sifuna.

Ameandika kwa chaki, herufi kubwa: KESHO SAA TISA — MAMA WA KISASI — VITA YA MILANGO SABA — NA DIJEI MERCYLINE MDOMO MOTO. Kisasi gani? Vita gani? Nilichukua kitambaa nifute, akaniambia nifute nione. Na kufuta kungesaidia nini, mtaa mzima ulikuwa umeshasoma.

Mukhwana amenisimamisha njiani. Huyu ni fundi wa kuchomelea mageti, hakosi benchi la mbele wikendi hata moja.

"Niaje dijei. Huyo mathe anamaliza wangapi?"

Nikamwambia njoo uone.

"Nakuja na wasee wote wa kazi!"

Sijala chochote tangu hapo.

Jumapili, 9 Machi

Naandika hapa hapa ndani ya banda, kwa tochi ya simu. Stima imepotea.

Walijaa. Madirisha tumeziba na blanketi, joto la kuua mtu. Nikaketi kwenye kiti changu, maiki mapajani, imezimwa. Mlango wa kwanza haujamaliza kufunguka nikasikia: dijei, spika imekufa! Maganda ya njugu yakaanza. Huyo mama atatoa bunduki saa ngapi? Mukhwana akasimama kabisa, akanigeukia. "Sista, ongea! Tumelipa."

Sifuna alikuja akasimama nyuma yangu, akanifinya bega. Mlango wa pili, benchi zima la nyuma likatoka, likadai kiingilio chake mlangoni. Mlango wa tatu nilishika maiki. Naandika ukweli. Nililiwaza hilo jina Jeremy, kidole kikawa tayari kwenye swichi. Nilijichukia sana.

Halafu mvua ikazidi, na mtu gizani akasema, "Maze, hiyo maji ni ya ukweli." Mwingine akamnyamazisha. Mukhwana akainama mbele. "Cheki, nyumba iko na magurudumu. Wanaisukuma!" Akawaonyesha wenzake wale wa nguo nyeusi. Nikadhani sasa watacheka, kwisha mimi. Hawakucheka. Mlango wa tano hakuna aliyetafuna njugu. Wa sita nikasikia mtu akipenga kamasi, na Sifuna hakuwa tena nyuma yangu, alikuwa amejibanza kwenye benchi kama mteja.

Akafika kwenye wa saba. Kamera ikasogea. Mkono, kitasa, ule mtetemo — na pap! Giza.

Kelele zilizopigwa! Sifuna akanifikia akipapasa vichwa vya watu. "Mercyline, simulia! Wewe umeona mwisho. Simulia waridhike, wasidai pesa!"

Nikapanda juu ya benchi. Na nilitaka kusema! Wiki nzima nimepigania kunyamaza, sasa maneno yote niliyomeza yakaja kwa mpigo: nani yuko nyuma ya huo mlango, yule mama anafanya nini na lile koti. Sikuhitaji hata maiki.

"Dijei, kaa chini," Mukhwana akasema. "Usituambie."

Sifuna akamwambia stima ya huku inaweza kurudi hata kesho.

"Basi tutangoja. Akiongea, nataka pesa yangu."

Wengine wakaitikia. Nikashuka. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani!

Wapo waliotoka, wachache. Wengi wamekaa tu gizani, wanabishana kwa sauti ya chini. Waliokuja kwa mpira wanagonga huko nje. Sifuna amekwenda kuomba jenereta kwa mwenye bucha.

Mukhwana amekuja na tochi ya simu, akachuchumaa karibu na kiti changu. Akaninong'oneza: huko ndani, ni mtoto wake? Nikafungua mdomo. Akaniziba kwa kiganja chake, kinanuka chuma. "Wacha, wacha! Usinijibu." Akarudi kwenye benchi lake.

Naona tochi yake imewaka tena. Anakuja.