Ukucha Uliovunjikia Pangani

Dada Eliza, shikamoo.

Huko Amani, milimani, mnajifunika blanketi. Huku Pangani joto halinipi hata lepe la usingizi. Kesho ndiyo harusi ya rafiki yangu Yona, nami ndiye mpiga gitaa. Leo nimevunja ukucha nikifua dafu, ule ule ninaodonolea nyuzi! Nikakaa kivukoni nikihangaika, nikijaribu kudonoa kwa nyama ya kidole. Sauti ikatoka nzito, ya chini. Mama muuza mihogo akazima redio yake.

“Mwanangu, hivyo hivyo. Jana ulikuwa unatuparura masikio.”

Nikacheka, kisha nikakata kucha zote za mkono wa kulia. Sasa vidole vinaniwasha, na kucha hazioti kwa usiku mmoja. Niombee, dada yangu. Nawapenda wote.

Mdogo wako, Danieli